Jinsi Shemeji Alivyolifungua Handaki

Jongeeni, enyi nyote mliowahi kuzima kifaa na kukiwasha tena mkitumaini rehema. Wekeni vijiko chini, wanyamazisheni watoto, kwani nawasimulia vita alivyopigana mume wa dada yangu, Shemeji, Simba wa Sebule, Mshika Bisibisi, aliyeingia uwanjani na kaptula na kutoka na heshima.

Mjue kwanza chanzo. Dada, mpanga safari za malori katika kampuni ya uchukuzi, alikuwa amekubaliwa kufanyia kazi nyumbani kwa majaribio, ili amnyonyeshe mwanawe, mtawala asiye na jino hata moja tunayemwita Sultani. Bosi wake hakuamini kwamba kazi yaweza kufanyika palipo na kitanda. Alitamka kwamba siku Dada atakayokosekana kikao cha saa nne kikianza, kesho yake atarudi ofisini, na Sultani atabaki na chupa. Na chupa ilikuwa adui wa Sultani. Alikwisha kuitema mbele ya mashahidi.

Sasa, mfumo wa ofisi haukufikiwa ila kwa handaki, njia ya siri ipitayo ndani ya intaneti kutoka kompyuta ya nyumbani hadi kazini, pasipo mpita njia kuchungulia. Asubuhi hiyo Dada alibonyeza kitufe, na handaki likagoma. Saa tatu ilikwisha kupita.

Shemeji akainuka. Mkono kiunoni, akahutubu kwamba ameishi na nyaya tangu ujana wake, na kwamba adui anamjua kwa sura: ni ruta, kile kisanduku kigawacho intaneti nyumbani. Akaizingira. Akaichomoa, akaichomeka, akaipuliza vumbi, kisha akanipandisha mimi juu ya kabati nikaiinue kama bendera ya jeshi. Kila alipouliza hali ya huko, nilimjibu kwa unyenyekevu kwamba naona utando wa buibui na soksi yake moja. Intaneti yenyewe haikuwa na neno. Simu yangu ilikuwa ikionyesha mpira bila kukwama. Nililitaja jambo hilo. Lakini jemadari gani amewahi kumsikiliza mbeba bendera?

Ndipo Dada, Sultani akiwa begani, akauliza swali lililotikisa ngome.

"Baba Sultani, jana jioni njia ilikuwa inapita. Umegusa nini?"

"Mimi? Niguse nini mimi?"

"Ndiyo, wewe. Mtoto bado hajajua kushika kipanya."

Shemeji akaitazama dari, na dari haikumtetea. Yeye, wasikilizaji wangu, ni mtu asiyeweza kuona kidoa chekundu cha kuomba sasisho kwenye kioo akakiacha kiishi. Usiku, baada ya chakula, alikuwa ameisasisha kompyuta ya mkewe bila kuulizwa. Sasisho likaleta kiini kipya, ule moyo wa mfumo unaobeba programu zote. Na handaki, lililoshonwa kwa vipimo vya kiini cha zamani, likaamka likiwa halimjui mwenye nyumba.

"Nilitaka iende kasi," alisema.

"Kasi ya kunirudisha ofisini."

Hapo ndipo ulipodhihirika ushujaa wake, maana aliacha kujitetea, jambo ambalo ukoo wetu haujaliona tangu harusi. Aliketi. Akaizima mashine, akaiwasha kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuisimamisha njiani, na katika kioo cheusi yakatokea majina mawili: kiini kipya juu, kimejaa majivuno, na cha zamani chini yake, hakijafutwa, kama mstaafu aliyeacha namba yake ya simu getini. Shemeji akateremsha mshale hatua moja. Akabonyeza. Nyumba nzima ikashika pumzi, isipokuwa Sultani, aliyecheua.

Handaki likafunguka. Dada akaingia kikaoni bosi akiwa katikati ya kuita majina.

"Naona umefika," bosi akasema. "Huko nyumbani kuna tatizo lolote?"

Dada akamtazama mumewe aliyetota jasho, akanitazama mimi niliye bado juu ya kabati.

"Hapana, bosi. Kumetulia."

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku hiyo Shemeji aliiteka upya ngome aliyoisalimisha mwenyewe, kwa kubonyeza mara mbili tu. Malori yakapangwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulimshika Sultani, aliyepokea ushuru wake wote, akafumba macho, akalala juu ya dola yake.