Maroboti ya Osvaldo Hayasimami

Jumatatu, 10 Novemba 2003

Nusu ya mfungo sasa. Mwili umechoka, na Mwanakombo naye kanichoka. Tangu upepo ung'oe kibanda changu, redio na pasi za watu natengenezea chumbani. Leo kasema: Baba Farida, chumba hiki kina mke mmoja, hizo redio kazipangishie nyumba yao.

Basi nikaenda Likombe kwa Osvaldo, yule wa ng'ambo ya Ruvuma anayekodisha kanda za video. Baraza ya duka lake ina kivuli na umeme. Nikaiomba. Kumbe Abdallah fundi saa kaiomba pia.

Osvaldo, mtu mzima mwenye mvi, ana kabati la kioo la maroboti ya plastiki. Hayachezei. Anayatazama tu. Mkewe Nilza haruhusiwi hata kuyafuta vumbi. Mawili mapya yametoka kiwandani na kosa: jekundu lina miguu miwili ya kushoto, la buluu miwili ya kulia. Ukiyasimamisha yanaanguka. Osvaldo kasema atakayeyaponya, baraza ni yake. Nikayabeba kabla Abdallah hajavaa miwani. Bismillahi.

Jumanne, 11 Novemba

Kazi nyepesi. Nimefungua miguu yote, myeusi mitupu, nikaitia bakulini isipotee. Alasiri Mwanakombo akataka bakuli lake la futari. Kasema si la hospitali. Akaimwaga miguu mkekani. Sikugombana, nimefunga. Nimeiokota, nikatafuta kila mguu unaofanana na mwenzake, nikapata jozi mbili safi. Skrubu zimekula matundu, basi nikatia utomvu wa mkorosho, gundi ya marehemu baba. Ikishika, imeshika.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeyasimamisha. Yameanguka. Kutazama vizuri, jekundu sasa lina miguu miwili ya kulia, la buluu miwili ya kushoto. Inayofanana ndiyo ya upande mmoja. Nani angelifikiria hilo na njaa hii. Utomvu umeshakuwa jiwe. Nimejaribu maji ya moto, ikatoka rangi.

Abdallah akapita, akanikuta uani nimeyainamia. Akauliza kwa sauti, majirani wasikie, kama Fundi Idrisa kaanza kuabudu masanamu mwezi mtukufu. Astaghfirullah. Nikamwombea heri, kwa shida.

Lakini nimepata njia. Osvaldo anataka yasimame, hakusema yasimameje. Nimeyagandisha yote mawili juu ya ubao mmoja. Ubao nimeupaka mafuta ya maganda ya korosho, uwe mweusi wa kupendeza. Yamenibabua vidole. Hata kalamu inauma.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya swala nimeyapeleka. Nimeyaweka kabatini kwa mkono wangu. Yakasimama, alhamdulillahi. Nilza kasema yako kama watu wanaosubiri zamu ya choo. Osvaldo hakucheka. Akashika jekundu alitoe. Likaja pamoja na la buluu, na ubao, na rafu ya kioo, maana mafuta hayakuwa yamekauka. Mengine yote yakaporomoka.

Osvaldo akakaa kwenye kigoda. Akasema taratibu kwamba alinipa wagonjwa wawili, nimemrudishia mmoja mwenye miguu minne. Baraza kapewa Abdallah.

Nimerudi nyumbani. Mwanakombo kasogeza redio kando, akanipa uji wa futari. Hapo ndipo machozi yalipotaka kunitoka.

Jumapili, 16 Novemba

Abdallah katandaza meza barazani. Kapewa pia yale maroboti ayatenganishe. Kavunja bisibisi. Jioni kaja mwenyewe, mpole, kuuliza ni gundi gani hii. Nikamwambia ni siri ya ukoo. Kumbe gundi haina kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa ubao.

Na Mungu hamtupi mja wake. Baada ya magharibi shehe kalalamika kwamba mishale ya saa ya msikiti imelegea, watu wanagombania dakika za kufuturu. Nikamwambia asihangaike kumwita Abdallah. Nikiimaliza, nitamwomba baraza ya msikiti. Utomvu umebaki nusu kopo. Kesho naigandisha mishale yote miwili, na nimemwahidi shehe haitasogea tena.