Benchi la Kupoa

Kwa furaha na taadhima, Idara ya Mabomba iliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu, hakuna mwananchi atakayeruhusiwa kufoka kwa sababu ya bomba kupasuka. Utafiti wa kina ulikuwa umethibitisha kuwa mabomba hayana kasoro. Kasoro ni watu wanaoyapigia kelele.

Basi mapokezini likawekwa Benchi la Kupoa, na msimamizi wake akawa afisa mmoja aliyeitwa Barafu, maana hajawahi kukunja uso tangu aajiriwe. Mwenye hasira hukaa hapo mpaka apoe. Akipoa, hueleza shida yake kwa tabasamu, ndipo fundi hutumwa. Fundi mwenyewe alikuwa papo hapo, spana mapajani, anakoroma. Barafu aliuona mpango huo una busara kupita kiasi.

Balaa ni shangazi yake, mshonaji, aliyeingia sketi imelowa hadi magotini.

"Bomba limepasuka chumba cha cherehani! Gauni la bibi harusi linaelea!"

"Shikamoo, shangazi. Umefoka. Benchi."

"Marahaba, na ukome! Mgongo huu ndio uliokubeba, leo unanipoza kama chai?"

Barafu aliumia, tusimsingizie. Lakini damu, hata ikiwa nzito kuliko maji, haikutajwa kwenye mwongozo. Shangazi akajaribu kutabasamu. Yakatoka meno ya mtu anayetaka kuuma. Akarudishwa benchi.

Mara juu kukasikika kishindo. Mkurugenzi, mbunifu wa mpango wote, akashuka ngazi mbio, suti inachuruzika.

"Fundi yuko wapi? Bomba la ofisi yangu limepasuka! Mmezubaa nini, mijitu nyie?"

Barafu aligeuka. Akamwona shangazi yake, macho yamemjaa machozi.

"Mheshimiwa, umefoka. Benchi."

"Unanijua mimi?"

"Sana, mheshimiwa. Wewe ndiye uliyeandika mwongozo."

Fundi akaacha kukoroma. Mkurugenzi akaketi, amefura. Shangazi akamsogezea nafasi kwa adabu, akatazama maji yakimtiririka kutoka kwenye tai, na uso ukamkunjuka wenyewe hadi magego yakaonekana.

"Baba," akamwambia Barafu kwa sauti laini, "bomba langu limepasuka."

"Shida imepokelewa, shangazi."

Fundi akabeba spana, akatoka na shangazi.

"Na mimi je?" Mkurugenzi akanguruma.

Barafu akamgusa paji la uso.

"Bado una moto, mheshimiwa. Endelea kupoa."