Mashine Iliyooshwa Kabla ya Kuondoka

Haya nilisimuliwa na mama mkwe wa mhusika mwenyewe, msimu wa mvua uliopita, tulipokuwa tumekaa benchi moja kliniki ya macho tukingoja kuitwa. Alicheka mpaka muuguzi akaja kumwuliza anaumwa wapi. Naandika kama alivyoyamimina. Chumvi ikizidi, ni ya jikoni kwake.

Bwana Poleni, jina alilobatizwa na mtaa maana lile la wazazi alilitumia kituo cha polisi tu, alikuwa mtu wa mashati meupe. Wengine wana jembe, wengine wana nyavu, yeye alikuwa na shati. Mtu mwenye shati jeupe lililonyooka akigonga mlango, anavutiwa kiti kabla hajaulizwa anataka nini. Ubaya wa shati jeupe ni mmoja: halijifui. Miaka yote lilifuliwa na mkewe, kwa mikono, kola moja moja, mpaka asubuhi moja yule mama akaliacha beseni uani povu likiwa bado juu, akashika njia ya kwao.

"Nitarudi siku utakapoweka mashine ya kufulia humu ndani," alisema. "Na iwe inafua. Maneno yako nimeshashiba."

Bwana Poleni alikuwa njiani kwenda kumbembeleza, alipomwona mwalimu mmoja uani kwake anaipiga mateke mashine ya kufulia. Ilikuwa ya ile aina ambayo kila mwenye kujipenda aliinunua mwaka ule. Inafua vizuri, inaimba wimbo mdogo ikimaliza, halafu siku moja inawasha taa nyekundu na kugoma. Karatasi yake inasema asiifungue mtu ila fundi wa kampuni. Ukiigusa mwenyewe, dhamana imekufa. Na huyo fundi wa kampuni alionekana kama kupatwa kwa jua, tena ujira wake ulikaribia bei ya mashine mpya.

Sasa, Bwana Poleni alikuwa na rafiki aliyewahi kulinda ghala la kampuni hiyo, na kutoka kwake alijifunza jambo moja tu, lakini zuri. Ile taa haikuwa ugonjwa. Ilikuwa saa tu, imetegwa imkumbushe mwenye mashine kumwita fundi. Ukichomoa umeme, ukachomeka tena huku umebana vitufe viwili vya pembeni, taa inazimika na mashine inaendelea na maisha yake kama haikutokea kitu.

Mtu mwema angemwambia mwalimu. Bwana Poleni akavua kofia.

"Mwalimu, usiipige," akasema kwa sauti ya chini. "Marehemu hapigwi."

Mguu wa mwalimu ukabaki hewani. Bwana Poleni akainama, akatega sikio kwenye mfuniko, akagonga ubavuni kwa kidole kama daktari, akatikisa kichwa. "Poleni sana. Mimi ni wa kampuni. Huyu ametutoka." Akaeleza kwamba maiti ya mashine haikai nyumbani, inavuja umeme, na kwamba kampuni kwa huruma yake huja kuichukua bure. Mwalimu akamsaidia kuinyanyua. Akamshukuru pia.

Kazi ikashika. Akapata mshirika, mwenye mkokoteni, mtu asiyeuliza swali ila la uzito. Wakawa wanazika upande huu wa mji na kufufua upande wa pili, ambako mashine hizo ziliuzwa kwa watu waliopenda vitu vya bei nafuu na hawakupenda kujua vimetoka wapi. Utasema basi moja angempelekea mkewe. Ndivyo alivyokusudia kila mara. Lakini mkono wake haukuzoea kushika kitu kizima bila kukiuza.

Hadi mama mkwe alipomtumia salamu: "Mwanangu, mwenzako anazoea huku. Jana kanunua pazia la chumba chake."

Pazia lile lilimchoma. Mke akishanunua pazia, ameshahama. Akaapa mbele ya mwenye mkokoteni kwamba mashine itakayofuata ni ya nyumbani, hata akipewa nini.

Kesho yake akaitwa kwa Dobi.

Dobi alikuwa mama mpana, mtulivu, anayefulia nusu ya mtaa. Ua wake ulijaa kamba za shuka, mtu anapita kwa kupapasa. Mashine yake ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuzika, tumbo la kumeza blanketi mbili, na taa nyekundu imewaka kama jicho la mlevi. Pembeni yake palikuwa na nyingine, kuukuu, ya kampuni ileile, ya enzi za swichi ya kuzungusha. Mota iliungua zamani, sasa ilikuwa meza ya kuwekea pasi.

Bwana Poleni akatega sikio, akagonga, akavua kofia.

"Mashine imekufa?" Dobi akauliza.

"Usimwite mashine, dada, sema marehemu. Kafa. Poleni."

"Huyu ndiye aliyekuwa ananilishia wanangu," Dobi akasema, akajifuta machozi kwa shuka la mteja. "Nitafua na nini mie?"

"Mungu hamtupi mja wake. Tumwondoe mapema, asije akavuja."

Dobi akamtazama. "Mnamwondoa hivihivi? Hajaoshwa?"

"Kuoshwa?"

"Kaka, marehemu umesema wewe. Nilipoita mashine ukanikemea, ukasema niseme marehemu. Na huyu ni mwanamke mwenzangu, kazi zake zote zilikuwa zangu. Haoshwi na wanaume. Nendeni mkae nje na wenzenu."

Majirani walishaanza kujaa, wengine kwa huzuni, wengi kwa kutaka kuona. Bwana Poleni akaitazama kofia yake mkononi. Angesema ni chuma tu, mtu angeuliza mbona basi alivua kofia. Akatoka.

Akaja mdogo wake Dobi wa kike, fundi cherehani, na mfuko begani. Mfuko ulilia chuma kwa chuma.

"Umebeba nini?" mwenye mkokoteni akauliza.

"Sabuni."

"Sabuni gani inalia hivyo?"

"Ya mche," akajibu, akaingia, mlango ukafungwa. Wanawake wakaanza kuimba.

Nje, wazee wakamwomba mtu wa kampuni aseme mawili matatu juu ya marehemu. Ukimwomba Bwana Poleni aseme, ni kama kumwomba mbuzi aonje mahindi. Akasimama, shati likang'aa, akausifu utumishi wa marehemu, kisha akageukia wosia. Akawaonya wasije wakajaribu kuzifungua mashine zao. Kufungua ni kuvunja ahadi. Kufungua ni kiburi.

"Lakini si kainunua yeye?" kijana mmoja akauliza.

"Kununua ni kununua, kufungua ni kufungua. Tumbo si lako? Mbona hujalifungua?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akainua mkono. "Langu lilipouma lilifunguliwa."

"Na nani?"

"Daktari."

"Huyo ndiye fundi wa kampuni," Bwana Poleni akasema, na mzee akakaa chini, ameridhika kabisa.

Ndani, nyimbo zikapanda. Kitu kikalia *kwaa*.

"Kuna kitu kimevunjika humo," mwenye mkokoteni akamnong'oneza.

"Ni uchungu," Bwana Poleni akamjibu, akaendelea na kiburi cha binadamu. Alihubiri mpaka jasho likamtoka, na kila alipochoka, wazee walimwomba aongeze.

Mwishowe mlango ukafunguka. Dobi akatokea, mikono imelowa, kiwiko kina grisi. Mashine ilikuwa imeviringishwa shuka jeupe, imefungwa mafundo. "Msimfunue njiani," akasema. "Ni aibu."

Wakaibeba. Ilikuwa nzito kweli, mwenye mkokoteni akalalamika mpaka mwisho wa barabara, na uzito huo ukamtuliza Bwana Poleni moyo. Kwenye mashine hizi, kumbe, uzito mwingi ni wa kipande cha zege, wanakiweka ili zisirukeruke zikikamua. Hilo hakuambiwa na mlinzi wa ghala.

Alipofika nyumbani akatuma mtu. Mkewe akaja na mama yake, kibegi mkononi, hajakiweka chini. Bwana Poleni akafunua shuka, akachomeka waya huku kabana vitufe viwili. Taa nyekundu ikazimika, ya kijani ikawaka, mashine ikaimba wimbo wake mdogo. Mkewe akatabasamu, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Akatia mashati yote mwenyewe, akamwaga sabuni ya unga, akakiweka kibegi chini.

Bwana Poleni akabonyeza.

Mashine ikaimba tena. Kisha ikanyamaza. Walisubiri. Mama mkwe akasogea, akatega sikio.

"Baba," akasema taratibu, "humu hamna mtu."

Wakaigeuza. Bati la nyuma lilishikwa na skrubu moja tu. Ndani, zege. Mota hakuna, mkanda hakuna, pampu hakuna. Nyaya zilizobaki zilikuwa zimefungwa ncha vizuri, kwa uzi wa cherehani.

Alikwenda mbio kwa Dobi. Akapapasa kati ya shuka, akaikuta ile mashine kuukuu, pasi imeondolewa juu yake, inazunguka kwa furaha. Kampuni ilibadilisha sura tu; tumbo la zamani na la sasa lilikuwa moja.

"Dada, umeifungua."

"Mimi? Mimi nimeosha."

"Mota iko wapi?"

"Marehemu anazikwa na bangili zake?"

"Umevunja lakiri ya kampuni!"

"Nenda kaniseme kampuni. Waambie ulikuja kuchukua mashine ya watu nzima, ukapewa nusu." Dobi akaendelea kukunja taulo. "Wiki iliyopita nilipeleka shuka upande wa pili wa mji, kwenye nyumba moja mpya. Nikaikuta mashine ya mwalimu, mzima wa afya, na bonde lake la teke ubavuni. Nikajua unafufua. Unafufuaje, sijui, na lile litaa lenu lilinishinda. Nikaona taa nikuachie."

Bwana Poleni akavuta pumzi. Mjanja haachi kuuza. "Tuelewane, dada. Nirudishie mota, nikufundishe siri ya taa."

"Taa gani? Hii yangu haina taa." Akazungusha swichi, *krr*, maji yakaanza kumwagika. "Tena mwalimu yuko njiani, anafuata mapazia yake. Utamsubiri?"

Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani alikuta mashati yametolewa kwenye lile sanduku, yametupwa kwenye beseni, na kigoda kimewekwa mbele yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kibegi mkononi tena.

"Nilisema inayofua."

"Ulisema, mke wangu."

"Kaa ufue wewe. Nitazikagua kola. Nikiona doa, mimi na mama tunakwenda zetu, na safari hii nachukua na masufuria."

Akakaa. Alisugua kola ya kwanza, ikarudishwa. Ya pili ikarudishwa. Mama mkwe akamfundisha kubana kitambaa kwa kiganja badala ya kukikwaruza, akachoka kucheka, akajinyoosha mkekani, akasinzia. Ya tatu mkewe aliitazama muda mrefu kwenye mwanga, akaitundika. Zilizofuata akawa anazipokea tu. Kisha akaingia ndani, na Bwana Poleni akasikia viatu vikivuliwa, kimoja, halafu kingine.

Alipomaliza shati la mwisho jua lilikuwa bado ukutani. Vidole vilimchubuka. Akanyata ndani: kibegi kilikuwa chini ya kitanda, mkewe amelala upande wa ukutani. Hakuthubutu kumwamsha kumwuliza maana yake. Akajilaza ukingoni, mikono kaiweka wazi ipoe, akasikiliza mashati yakidondosha maji uani mpaka naye usingizi ukamchukua.