Picha Ipo, Haijasafishwa Tu

Kuanzia Kagunga mpaka Ilagala hajawahi kuzaliwa mwanamume jasiri kuliko Hamdani wa Ujiji. Msiniulize mimi, muulizeni Hamdani. Tena hata kumuuliza hakukuwa na haja. Ukimsalimia tu, kabla hujafika kwenye habari za watoto, yeye alishafika Mto Malagarasi na mkuki mkononi.

Hadithi yenyewe mji mzima uliijua. Mwaka wa sabini na nane, mamba aliyekuwa akiwahangaisha watu wa Ilagala alikutana na Hamdani, na kwa bahati mbaya ya mamba, Hamdani siku hiyo alikuwa hajanywa chai. Alimchoma mkuki mmoja tu! Jambo la ajabu ni kwamba mamba yule aliendelea kukua baada ya kufa. Alianza akiwa sawa na mtumbwi wa mtu mmoja, na ilipofika miaka ya tisini alikuwa hatoshi tena gatini.

Na ole wako uoneshe shaka! Hamdani angekutazama kwa huruma, akakugonga begani, akakwambia: "Picha ipo, haijasafishwa tu."

Na kweli ilikuwepo. Mzungu mmoja wa utafiti wa samaki alikuwepo Ilagala siku hiyo na kamera yake, na alipoondoka nchini akamwachia Hamdani filamu nzima ndani ya kikopo. Ila haikuwa filamu ya kawaida. Ilikuwa ya slaidi, zile picha za rangi zinazokatwa mojamoja, zikavalishwa fremu za karatasi ngumu na kumulikwa ukutani kwa mashine. Mafundi wote wa Kigoma waliitazama wakatikisa vichwa. Kila walipotikisa, Hamdani alisikitika sana, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Kwa filamu hiyo isiyosafishika aliishi vizuri. Kwenye kila shughuli alitengewa kichwa cha samaki sangala, vijana wakamwita Bwana Mamba, na mwisho akapata moyo wa kumposa Zuhra.

Zuhra alikuwa mjane, muuza samaki wa migebuka wa Kibirizi, mwenye ghala lake la dagaa na maneno machache. Hamdani alimpenda kwelikweli, hilo tusimnyime. Alimpenda hata akawa anasahau kumrefusha mamba akiwa mbele yake. Zuhra hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atajibu siku atakapoiona hiyo picha. Hamdani akakubali palepale, akiamini kuwa mwanamke atachoka kungoja na kumchukua kwa mkopo.

Ndipo vita vikalipuka ng'ambo ya ziwa. Maboti yakawa yanashusha watu Kigoma kutwa kucha, turubai zikajaa, na kila nyumba ya Ujiji ikagundua kuwa ina mashemeji ambao haijawahi kuwaona. Hamdani aliwapokea wageni kwa mikono miwili. Walikuwa wamepoteza kila kitu, maskini, lakini masikio walikuwa nayo, tena masikio mapya ambayo hayajawahi kusikia habari za mamba.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Stephania, fundi picha wa Uvira. Wenzake walikimbia na godoro na sufuria. Yeye alikimbia na boksi la dawa za kusafishia filamu na fremu tupu za slaidi, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, sufuria kila mtu anazo. Kwao alikuwa akiwasafishia slaidi mapadri na matajiri wa kahawa, na hakuona haya kukwambia kuwa hakuna aliyemfikia. Zuhra ndiye aliyempa chumba. Na siku ya pili tu Zuhra akaja naye mpaka barazani kwa Hamdani.

"Papa Hamdani," akasema Stephania, "nasikia uko na filimu ya slaidi. Dawa iko. Lete."

Vita vile viliwahamisha watu makwao. Hamdani vilimfuata hukohuko nyumbani.

Maana yeye alikumbuka. Mamba alinaswa wavuni na kuvutwa mpaka ufukweni, watu wakaamini amekufa. Mzungu akataka mtu wa kusimama naye wapigwe picha. Hamdani akaazima mkuki, akaweka mguu juu ya mgongo wa mamba, akabana tumbo, na mzungu akabofya mara kadhaa. Kisha maiti ikapiga mkia. Yaliyofuata Hamdani hakuwahi kumsimulia mtu, hata yeye mwenyewe hakupenda kujisimulia, lakini alijua kuwa mzungu hakuacha kubofya.

Akawaambia wanawake wale wamngoje, filamu iko uvunguni mwa kitanda. Huko chumbani akafanya hesabu ya mtu mwerevu. Hata mtoto anajua kuwa filamu ikiona jua imekufa. Basi akafungua kikopo, akavuta ulimi wa filamu, akautandaza dirishani kwenye jua la mchana. Alipofika kama urefu wa mkono, Stephania akakohoa barazani. Hamdani akairudisha harakaharaka, akatoka akitabasamu, akaikabidhi kwa heshima zote. Alijua fundi atakuta weupe mtupu, na lawama zitakwenda kwa fundi. Mgeni atajitetea kwa nani?

Stephania alijifungia kwenye stoo ya Zuhra, akaziba nyufa kwa mablanketi, akawa anapasha maji ya beseni kwa jiko la mkaa na kuyapima kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Hamdani alipita kila mara kuuliza kama imeharibika. Filamu ilipokauka, fundi akaikata kwa mkasi, picha moja baada ya nyingine, akazivalisha fremu, akazipanga kwa mfuatano wake. Hamdani akajitolea kumsaidia kukata. Stephania akamtazama vidole, akamwambia akae mbali.

Mashine ya kumulikia waliazima parokiani, ambako ilikuwa ikitumika kufundishia uzazi wa mpango. Ghala la dagaa halina madirisha, kwa hiyo shuka likatundikwa mlemle, majirani wakajibana juu ya magunia. Umeme, ambao Kigoma ulikuwa unakatika hata kwenye misiba, siku hiyo ulikuwepo.

Picha ya kwanza ikatoka nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu nyeupe vilevile.

Hamdani akasimama, sauti yake ikijaa majonzi. Alisema hamlaumu mtu, mgeni ni mgeni, lakini ukweli lazima usemwe: fundi ameunguza historia ya mkoa. Majirani wakaguna. Wawili waliokuwa wamemuahidi Stephania kazi ya picha za harusi wakaanza kutazamana. Stephania akasukuma slaidi nyingine.

Hii ilikuwa imeungua nusu. Rangi zilikuwa zimezeeka, ziwa limekuwa zambarau na mamba ni wa pinki, lakini alikuwa mamba, na juu ya mgongo wake palikuwa na mguu wa mtu na mpini wa mkuki. Kuanzia kiunoni kwenda juu, mwanga mtupu.

Hamdani akajisahau kabisa. Hakuwahi kufikiria kuwa lile jua la dirishani linaanzia nje ya mviringo wa filamu, kwenye picha za mwanzo, na kwamba za mwanzo ndizo zile za kishujaa.

"Huo mguu ni wangu!" akapiga kelele. "Na kichwa kilikuwepo! Kingekuwepo mpaka leo nisingelikianika juani!"

Stephania akauliza polepole, "Kumbe ni wewe uliifungua, Papa?" Kisha, bila kungoja jibu, akasukuma inayofuata, na kuanzia hapo picha zilikuwa nzima, zimekaa salama katikati ya mviringo wao.

Mamba ameamka, kinywa wazi. Wanawake waliokuwa wakitwanga muhogo wanamshukia na michi. Wanaume hawaonekani. Hamdani akaeleza kuwa yeye wakati huo alikuwa anawapanga wale wanawake. Picha ya mwisho ikaingia. Mamba amelala, wanawake wamepumzikia michi yao, na nyuma yao pana mchikichi mrefu. Juu kabisa, kwenye makuti, kijana ameukumbatia mti kwa mikono na miguu, amefumba macho. Suruali yake imebaki chini.

Majirani walicheka mpaka gunia moja likapasuka. Hamdani akasema alipanda kuangalia kama kuna mamba wa pili. Zuhra peke yake hakucheka. Alisogea mpaka kwenye shuka, akamtazama kwa muda yule kijana wa juu ya mti.

"Mume wangu alikuwa jasiri," akasema. "Aliambiwa ziwa limechafuka asitoke, akatoka. Mpaka leo sina hata kaburi lake. Nilitaka picha nijue kama na wewe ni wa namna hiyo, nikukatae mapema. Huyu wa juu ya mchikichi ningemchukua leo hii, Hamdani. Huyo angezeeka na mimi. Lakini wewe wa hapa chini umechoma picha ukamtwika mgeni wangu lawama, naye hana kingine duniani ila jina la kazi yake."

Hamdani aliona mlango unafungwa, akaingiza mguu. Alipiga magoti kwenye dagaa.

"Basi mimi mwoga, Bi Zuhra! Waulize watu! Ziwa zima hili hakuna mwoga anayenifikia. Mende akipita nalala kwa jirani. Juu ya mchikichi ule nilikaa wiki nzima, wakanishusha kwa ngazi ya kanisa, tena nikiwa nimezimia!"

Zuhra akageuka, akamwomba Stephania azime mashine.

"Unaona?" akamwambia. "Hata uoga anautia chumvi."