Nilivyolinganisha Saa, Kijiji Kikatoka na Marungu

Leo nimepatikana. Tena mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wangu.

Wengi mnajua mimi ni mwalimu wa fizikia huku Iramba, si mbali na Kinampanda. Nyumba niliyopewa ni ya mwisho kabisa, nyuma yake ni pori. Nakaa peke yangu. Na mimi ni mwoga, sifichi. Fisi akilia Kiomboi, huku mimi najifunika shuka mpaka kichwani. Kinachonipa usingizi ni kitu kimoja tu: yowe la kijiji. Ukilia, watu wanatoka wote, na silaha. Ila ole wako ulie kwa uongo! Mwaka jana mlevi mmoja alifanya mchezo huo, ikaamuliwa akilia tena asiitikiwe. Fisi wakaja kwa mbuzi wake. Alilia mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyetoka.

Sasa leo kidato cha tano wakaniuliza: "Mwalimu, saa moja ya ukutani iko hapa, nyingine iko mbali huko. Utajuaje kama zinakwenda sawa?"

Nikasema mbona rahisi! (Kiherehere changu hicho.) Unatuma mwanga uende kule, ugonge kioo, urudi. Muda wote unaugawa nusu: nusu ya kwenda, nusu ya kurudi. Hapo umejua ulifika kule muda gani, na wa kule wanarekebisha saa yao.

Mwanga una mbio mno, nikaona tujaribu kwa sauti. Nusu ya darasa nikaipa saa ya ofisini na rimu kuukuu ya lori, waende kwenye lile jiwe kubwa ng'ambo ya mashamba ya alizeti. Mimi nikabaki na rimu ya kengele ya shule. Nikigonga, wao wakisikia tu wagonge.

Nikagonga mara moja. Kimya. Upepo ulikuwa unatoka kwenye jiwe unanipiga usoni. Nikagonga tena. Kimya! Hasira zikanipanda, nikaitwanga ile rimu mfululizo, ngo ngo ngo ngo, bila kupumua. Kule kwenye jiwe, watoto wangu watiifu wakaitikia vilevile, ngo ngo ngo ngo.

Rimu imepigwa mfululizo, na ng'ambo wameitikia. Kila mtu huku anajua hilo ni yowe la wezi. Isipokuwa mimi, niliyekuwa nimeinama naandika sekunde kwenye daftari.

Kwanza nilisikia vishindo. Kisha alizeti zikaanza kutikisika. Wakatokea watu na marungu, mapanga, mishale, na mama mmoja kabeba mchi wa kinu. Wanafunzi niliobaki nao sikuwaona tena (hata kiranja!). Mimi nikabaki na daftari langu.

"Shikamooni wazazi!" nikapayuka.

Hakuna aliyeitikia marahaba. Mama yangu, hapo nikajua nimekwisha.

"Wako wapi?" Huyo ni Mzee Kingu, mwenyekiti wa kitongoji, anahema, rungu liko juu.

"Akina nani, mzee?"

"Wezi!"

"Hakuna wezi, mzee wangu. Nilikuwa... nalinganisha saa."

Akalishusha rungu taratibu. "Kwa hiyo ni yowe la uongo."

Niliiona nyumba yangu ile, niliwaona fisi wamekaa kibarazani wananisubiri. Nikaanza kujieleza mbiombio: sauti inakwenda, inarudi, unagawa nusu...

"Ngoja kwanza, mwalimu." Mama Shila huyo, ndiye mwenye mchi. "Mimi napeleka alizeti mashineni kwa baiskeli. Kwenda napanda mlima na gunia. Kurudi nateremka mtupu. Nikigawa nusu si nimejidanganya?"

"Hiyo ni baiskeli, mama. Hata sauti inasumbuliwa na upepo. Mwanga hausumbuliwi."

"Ulishaupima wa kwenda peke yake?"

(Hapo ningezimia ingenisaidia.) Maana ukweli ni kwamba hakuna aliyeupima. Ili upime wa kwenda tu, unahitaji saa mbili ambazo tayari zinalingana. Na ili zilingane, unahitaji kwanza kujua mwendo wa kwenda. Ni kuzunguka tu hapo hapo.

"Hapana, mama," nikasema. "Tunakubaliana tu kwamba kwenda na kurudi ni sawa."

"Mnakubaliana akina nani?"

"Sisi... watu wa fizikia."

Weee! Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mbaya zaidi, wanafunzi wangu wakaibuka nyuma ya choo, nao wanacheka. Mimi nikacheka nao kinafiki, nikidhani nimepona.

Mzee Kingu hakucheka. Alijitenga na wazee wenzake, wakateta kwa Kinyiramba, mimi naambulia neno "mwalimu" tu. Akarudi.

"Mwalimu, hatukutengi. Ukilia tutakuja."

"Ahsante sana, mzee wangu! Mungu akuweke!"

"Ila muda wa kuja, tutakubaliana sisi."

Wakaondoka zao. Jamani, msinicheke. Mwenye mbwa mkali anitafute kabla jua halijazama.