Nilishuka Beni na Nyusi Moja

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe!

Wasionijua: nauza vitenge Butembo, na binti yangu Neema anaishi Beni kwa mama yangu. Ni mwaka na zaidi sijamshika. Kila nikitaja safari watu wananikataza, barabara ile si salama. Tunabaki na simu, na mtandao wetu mnaujua, sauti inafika, picha inagoma. Nimemkumbuka mpaka nalala na gauni lake dogo chini ya mto (ndiyo, mimi huyuhuyu mwenye mdomo mrefu sokoni).

Juzi nikapata nafasi kwenye ndege ndogo. Nikajiwekea mpango: nishuke nimependeza, mtoto ajivunie mama yake. Ila ukipanda pikipiki mpaka uwanjani unafika mwekundu kwa vumbi. Basi nitajipambia hewani! Zamani kwa gari tulikuwa tunashinda njiani, kwa hiyo ndege nayo haikosi saa nzima. Nikabeba kioo, poda, wigi, viatu virefu, na kuku wa kukaanga nisije nikasikia njaa. (Kuku, jamani.)

Wanakwaya wenzangu walinisindikiza hadi uwanjani Rughenda. Walilia utadhani nahamia Ulaya. Tukaombewa safari, na sala ile ilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe.

Ndege ikapaa. Nikavua kilemba, nikabana nywele kwa soksi, nikapaka poda. Nikachora nyusi ya kulia polepole, kwa mapenzi yote. Nilipoinua mkono kwenda kushoto, ndege ikainama.

"Mama, funga mukaba, tunashuka," rubani akasema.

"Kuna nini? Tunarudia Butembo?"

"Tunafika Beni."

"Beni gani?"

Abiria wote wakaangua kicheko, hata mchungaji wa kiti cha mbele. Ndege ikatua, nikagoma kuinuka. Nikamwambia rubani bado sijamaliza.

"Mama, miye niko naenda Bunia. Unashuka ao tunaenda wote?"

Nikashuka. Nyusi moja, soksi kichwani, wigi mkononi, malapa miguuni. Mama yangu alikuwa kwenye uzio amemshika Neema mkono. Amekuwa mrefu! Nikakimbia. Mtoto akanitazama, akajificha nyuma ya kitenge cha bibi yake.

"Koko, uyu mama ni nani?"

"Ni maman yako."

"Hapana! Maman yangu ni muzuri."

Uwanja mzima ulisikia. Hata wanajeshi wa getini waligeuka kando kucheka. Nikajaribu kucheka nami, nikashindwa. Nikakaa juu ya begi langu nikalia, poda ikateremka mpaka shingoni.

"Neema, ni miye. Maman wa kwa telefone."

Akatoa kichwa. "Sema tena."

Nikasema tena. Akaja taratibu, akanishika shavu, akaifuta ile nyusi kwa kidole gumba, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Zaidi ya mwaka nalilia mwendo ambao ndege haikunipa hata nafasi ya kumaliza uso. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko aibu.

Sasa hivi Neema amelala mapajani mwangu. Mguu umekufa ganzi na siusogezi. Naombeni msicheke, mwenye ruhusa ya kunicheka ndiye niliyemfuata huku.