Kuhusu Tabasamu Langu Mwishoni mwa Filamu Yako

Asaba, Jumatatu asubuhi

Kwa Ndugu Chijindu Okwuosa, Mwongozaji wa Filamu,

YAH: OMBI LA KUTANGAZWA KUWA MIMI SI MCHAWI

Natumaini u mzima na filamu inatazamwa. Mimi ni Nwakaego Anigbata, yule uliyemvika kitambaa cheusi akacheza mama mkwe katika "Jiko la Mama Uju". Kwa sababu ya filamu hiyo posa ya binti yangu Olaedo inavunjika, nami nakuletea malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Tabasamu. Filamu inaishia kwenye uso wangu. Bibi harusi ameshazikwa, nami natabasamu. Wajua ilivyokuwa. Ulisema, "Mama, kaa hapo hapo, tunapima taa tu." Nikavua kiatu cha kuazima kilichonibana tangu asubuhi, roho ikatulia. Lile lilikuwa tabasamu la vidole vya miguu, wewe ukalibandika juu ya kaburi la mtu.

2. Uchunguzi. Kabla ya kuoa, watu wetu hufanya iju ese: upande wa mume hutuma mtu aulize majirani kama ukoo una wizi, wazimu au uchawi. Mzee Ozoemena, mjomba wa mchumba, alikuja na simu. Hakuuliza kitu, aliwaonyesha filamu. Majirani niliokaa nao miaka kumi na tisa wakatazama hadi mwisho, wakasema, "Aa, kumbe." Mama Nkiru, ambaye nimemlelea watoto watatu, akaongeza, "Ndiyo maana hamu ya supu yake haimwishi mtu." Siku hiyo nililia, sikufichi.

3. Paka. Anapita nyuma yangu mara mbili. Ni paka wa mwenye nyumba, alifuata samaki mkavu. Vijana wa chuo wameandika mtandaoni kwamba paka ndiye mimi. Nikawauliza, kama paka ndiye mimi, aliyekaa kwenye kigoda ni nani? Wakajibu, "Hapo ndipo penye undani, mama."

4. Wewe mwenyewe. Nilipokupigia simu ulisema, "Mama, mhusika huyu ana utata. Hata mimi sijui kama ni mchawi." Mwanangu, si ulimtunga wewe? Mzee Ozoemena amelisikia jibu lako, akasema mchawi aliyeweza kujificha hata kwa aliyemtunga, huyo ndiye mchawi kamili.

Kwa hiyo naomba uongeze maandishi mwishoni: "Mama huyu alikuwa akivua kiatu." Ukiona yataharibu sanaa, basi uje mbele ya wazee wa ukoo, ushike mkononi kokwa ya kola, ile wazee wetu wanayoapia, uape kwamba sina neno. Na ukishindwa hilo pia, umwoe Olaedo wewe mwenyewe, kwa kuwa aliyeharibu ndiye anayepaswa kutengeneza. Najua una mke. Naye asome barua hii.

Nisalimie huyo mkeo, mpiga picha, yule dada wa poda, na paka kama bado yupo.

Wako niliyeonewa,
Nwakaego Anigbata

N.B. Sijaifunga bahasha, Mzee Ozoemena akafika na ndugu zake. Harusi imekubaliwa, ni Jumamosi baada ya Pasaka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama yetu, tukikukosea utuambie kwanza, kabla hujafanya lolote." Mama Nkiru naye amerudisha mchi wangu aliouchukua mwaka juzi, bila kudaiwa. Kwa hiyo usiandike kitu, usiape, na ukitengeneza sehemu ya pili mimi nipo. Nakuomba jambo moja tu: mwandikie Olaedo, yeye peke yake, umwambie mama yake si mchawi. Leo asubuhi nilimpelekea uji, akaniomba nionje kwanza.